Picha ya Kuagana na Fundi Aliyekufa Fukara

Leo nataka kuwasimulia wasomaji wangu habari za bwana mmoja wa Kitaliano aliyefariki dunia zaidi ya miaka 450 iliyopita. Jina lake ni Lorenzo Lotto. Jina hilo lisimpeleke mtu kwenye michezo ya kamari. Huyu alikuwa mchoraji wa picha, mzaliwa wa Venice, mji ule wa Italia uliojengwa juu ya maji, ambao mitaa yake ni mifereji na magari yake ni mashua. Alizaliwa yapata mwaka 1480, na kufa kwake kulikuwa mwishoni mwa mwaka 1556 au katika miezi ya mwanzo ya mwaka uliofuata.

Najua wapo watakaouliza: sisi watu wa Pwani, tena Waislamu, tuna haja gani na mchoraji wa makanisani? Swali ni la haki, nami sitalikimbia. Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jina la bwana huyu limebandikwa juu ya kazi ya mikono ya Waislamu, na wengi wetu hatujui. Ya pili ni kwamba maisha yake ni funzo kubwa kwa kila mtu aishiye kwa kazi ya mikono yake, awe mchonga milango, mshona kofia, mjenzi wa vyombo au mpiga chuma. Sisi tuna msemo kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Maisha ya Lotto yananifanya niutazame msemo huo mara ya pili.

KIJANA WA VENICE

Wakati Lotto anazaliwa, Venice ilikuwa dola yenye nguvu, na utajiri wake ulitoka Mashariki. Pilipili manga, mdalasini, karafuu, hariri na mazulia yalipita Misri, Sham na Uturuki, yakashushwa Venice na kuuzwa Ulaya nzima. Mji ule ulipigana na Waturuki leo na kesho ukafanya nao biashara. Mwaka 1479, baada ya vita virefu, Venice ilifanya suluhu na Sultan Mehmed wa Pili, yule aliyeuteka mji wa Kostantinopoli mwaka 1453. Sultani akaomba apelekewe mchoraji hodari, naye Gentile Bellini akatumwa. Mwaka 1480 akamchora Sultani, na picha hiyo ingaliko hata leo. Kwa hivyo Lotto alizaliwa katika mji ambao habari za Waislamu hazikuwa hadithi za mbali. Zilikuwa sokoni na bandarini.

Miaka hiyo hiyo mambo yalikuwa yakibadilika, na sisi wa Pwani tumo katika mabadiliko hayo. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi akaelekea Bara Hindi, na mwaka 1505 Wareno wakazivamia Kilwa na Mombasa, wakapora na kuchoma moto. Nia yao ilikuwa kuipeleka biashara ya viungo Lisbon kwa njia ya bahari yetu, na wafanya biashara wa Venice waliingiwa na hofu kubwa. Moshi ulipokuwa ukipanda Mombasa, huko Italia kijana Lotto alikuwa akichora picha ya Askofu Bernardo de' Rossi katika mji wa Treviso. Huyo ndiye aliyekuwa mfadhili wake wa mwanzo, na picha hiyo ina tarehe ya mwaka huo huo wa 1505.

Lotto alikuwa fundi tangu ujana wake. Kati ya mwaka 1506 na 1508 alifanya kazi kubwa ya kanisa la mji wa Recanati, upande wa pwani ya mashariki ya Italia. Sifa zake zikafika Roma, na mwaka 1509 akaitwa kufanya kazi katika makao ya Papa Julius wa Pili, mahali pale pale alipokuwapo Raphael, kijana aliyekuwa akimeremeta kuliko wachoraji wote wa Roma. Hiyo ilikuwa nafasi ambayo kila mchoraji aliitamani. Lakini Lotto hakukaa. Muda si muda aliondoka Roma, na alichokichora huko hakionekani leo. Tangu siku hizo safari yake ikawa ya kuzunguka miji midogo, na jambo hilo ndilo lililomjenga na ndilo lililomponza.

MIAKA YA HERI

Mwaka 1513 alifika Bergamo, mji ulio chini ya milima, uliokuwa katika himaya ya Venice. Alikaa huko hata mwaka 1525, na hii ndiyo miaka ya heri katika maisha yake. Watu wa Bergamo walimpenda. Matajiri walimpa kazi za makanisa na za nyumbani kwao, naye akawachora wao wenyewe, wake zao na watoto wao.

Sifa ya picha zake za watu ni kwamba hakuwachora kama masanamu ya kuonyesha ukubwa. Mchoraji mwingine angemchora tajiri mabega juu, ili kila aonaye aogope. Lotto alimchora mtu akiwa na lililo moyoni mwake. Huyu ana huzuni, yule ana wasiwasi, mwingine ametulia kama aliyemaliza kusali. Bwana na bibi harusi mmoja aliwachora mwaka 1523, na nyuma yao akamweka mtoto mwenye mbawa akiwatia nira mabegani kwa kicheko, kama anayewaambia kwamba ndoa ni furaha lakini pia ni mzigo wa watu wawili. Waliooa na walioolewa watanielewa.

Katika miaka hiyo ya Bergamo, mwaka 1521, ndipo alipofanya picha iliyonivuta kuandika makala haya. Iko Berlin, Ujerumani, katika jumba la hifadhi ya picha za kale, nami nimeitazama sana katika vitabu.

PICHA YA KUAGANA

Picha hiyo yaonyesha kuagana. Wakristo husimulia kwamba kabla ya kwenda Jerusalem, Nabii Isa alimwendea mama yake, Bibi Maryam, akamuaga. Habari hiyo haimo katika Injili zao. Ilienezwa na vitabu vya ibada vilivyoandikwa karne nyingi baadaye, ikapendwa na watu wa kawaida, na wachoraji wengi wa zama zile, wenye majina na wasio na majina, wakaichora. Ziko picha za kuagana huko ambazo mpaka leo hapana ajuaye nani aliyezifanya.

Hapa nataka niseme wazi ili nisieleweke vibaya. Sisi hatuwachori Mitume, wala simwambii msomaji aitundike picha hii ukutani kwake. Na yale ambayo Wakristo wanaamini yalimfika Nabii Isa baada ya kuagana huko, imani yetu sisi ni nyingine, na kila Mwislamu anaijua. Lakini Nabii Isa ni Mtume wetu, na Bibi Maryam ametukuzwa katika Kurani hata sura nzima ikaitwa kwa jina lake. Basi ninapozungumza juu ya picha hii nazungumza juu ya kazi ya fundi, na juu ya uchungu wa mama ambao haubagui dini.

Katika picha hiyo mwana amepiga magoti mbele ya mama yake, amekunja mikono kifuani, kama aombaye radhi kabla ya safari. Mama hawezi kusimama. Miguu imemwisha nguvu, mikono imetawanyika, na watu wawili wamemshika asianguke. Mahali penyewe si jangwani wala si katika kibanda. Ni katika baraza kubwa yenye nguzo, na nyuma yake bustani inaonekana, imetulia na nuru imeijaa. Hapo ndipo pana ustadi. Bustani ingali nzuri, mchana ungali mweupe, nyumba imesimama imara, na katikati ya utulivu huo moyo wa mtu unapasuka. Nani kati yetu hajaliona jambo hilo? Msiba huingia nyumbani na nje jua lawaka kama kawaida, na muuza maji apita akilia kengele yake.

Pembeni, upande wa kulia, amepiga magoti mwanamke mmoja aliyevaa nguo nzuri za siku zile, ameshika kitabu cha sala, na kijibwa kidogo kiko karibu naye. Huyo si mtu wa zama za Nabii Isa. Ni Elisabetta Rota, mke wa Domenico Tassi wa Bergamo, watu walioiagiza picha hiyo. Lotto amemweka ndani ya kisa kana kwamba anaposoma kitabu chake anaviona vilio vile kwa macho yake. Hivyo ndivyo alivyoifahamu ibada: si kusoma maneno tu, bali kushiriki uchungu wa waliotutangulia.

Sisi tulioishi karibu na bahari twaijua mikono ya mama anayeaga. Zama za majahazi, kijana aliyekwenda Arabuni au Bara Hindi kwa pepo za msimu hakutia mguu chomboni kabla ya kumwendea mama yake, akainama, akataka radhi. Mama alijua kwamba wengine huenda wasirudi. Lotto hakuwa na mke wala mtoto, na maisha yake yote hakuoa. Sijui aliupata wapi ujuzi wa kilio cha mama, ila najua kwamba aliupata.

ZULIA LENYE JINA LAKE

Sasa naja kwenye lile la mazulia. Katika karne ya 16 zulia la Kituruki lilikuwa mali kubwa Italia. Watu wengi hawakulikanyaga; walilitandika mezani, au siku za sherehe walilitundika madirishani ili majirani waone. Mazulia mengi ya namna hiyo yalifumwa Anatolia, na mji uliojulikana mno ni Ushak, magharibi ya Uturuki. Lilikuwako la aina moja lililopendwa sana: uwanja wake mwekundu, na juu yake nakshi za manjano zinazopindana na kurudiana kama majani, na hapa na pale rangi ya buluu. Hamna mtu ndani yake wala mnyama. Ni nakshi tupu, isiyo na mwanzo wala mwisho.

Lotto aliyachora mazulia hayo kwa uangalifu mkubwa hata mtu anaweza kuzifuata nakshi zake moja moja. Mwaka 1542 alikamilisha picha kubwa ya kanisa la Watawa wa Dominiko huko Venice. Picha hiyo yamwonyesha Mtakatifu Antoninus, aliyekuwa askofu mkuu wa Florence, ameketi juu, na chini yake wasaidizi wawili wanawahudumia maskini. Mmoja anatoa fedha, mwingine anapokea barua za maombi, na maskini wamejazana chini wakinyoosha mikono. Mazulia mawili ya Mashariki yamo katika picha hiyo, na moja ni lile jekundu lenye nakshi za manjano. Kumbuka msomaji kwamba mwaka 1538 majeshi ya baharini ya Venice na washirika wake yalikuwa yamepigwa vibaya na Khairuddin Barbarosa huko Preveza, na amani ilifanywa mwaka 1540 tu. Miaka miwili baadaye, zulia la Waislamu limetandikwa katika picha ya ibada ndani ya kanisa la Venice. Vita vilikuwa na watu wake, na uzuri ulikuwa na watu wake.

Karne nyingi baadaye, wataalamu wa Ulaya walipoanza kuyapanga mazulia ya kale kwa aina zake, hawakuwa na majina ya waliyoyafuma. Wakatazama picha, wakaona nani ameyachora, wakayapa jina la mchoraji. Ndiyo maana hata leo, katika majumba ya hifadhi na katika minada mikubwa, zulia hilo huitwa zulia la Lotto. Yako na mengine yaliyopewa jina la Holbein, mchoraji wa Kijerumani. Lotto mwenyewe hakufuma hata uzi mmoja. Wala hakuwa wa kwanza kulichora. Mwenziwe Sebastiano del Piombo alilichora tangu mwaka 1516.

Mimi simlaumu Lotto kwa hayo, kwani jina hilo hakujipa yeye. Lakini nafikiri juu ya waliokaa mbele ya kitanda cha mfumi wakifunga fundo baada ya fundo, maelfu kwa maelfu, sufi nyekundu iliyotiwa rangi ya mizizi, mpaka zulia likatimia. Walilifuma, likauzwa, likavuka bahari, likasifiwa na makadinali, na jina lao halikwenda nalo. Tunapotandika mswala wetu na kusimama mbele ya Mola, ni vyema kukumbuka kwamba chini ya miguu yetu pana kazi ya mtu.

DAFTARI LA MATUMIZI

Lotto alirudi Venice mwishoni mwa mwaka 1525. Akaukuta mji una mfalme wa wachoraji, naye ni Titian. Titian alichora wafalme, Titian alijua kuzungumza na wakubwa, Titian alikuwa na marafiki waandishi waliomtangaza. Lotto alikuwa mtu wa haya, mwenye wasiwasi, mcha Mungu, asiyejua kujipendekeza. Kazi alizipata, lakini kubwa zilimpita. Tena kati ya wale marafiki wa Titian palikuwa na Pietro Aretino, mwandishi mwenye ulimi mkali. Mwaka 1548 alimpelekea Lotto barua ya kumsifu kwa wema na ucha Mungu wake, sifa ambazo ndani yake mlikuwa na mwiba, kwa kuwa alimpa ubora wa dini ili amnyime ubora wa kuchora.

Tangu mwaka 1538 Lotto aliandika daftari la matumizi na mapato yake, akaendelea nalo karibu mpaka kufa. Sisi Waislamu tusilidharau jambo hilo. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile inayotuamuru kuandika madeni. Daftari hilo lilipatikana mwishoni mwa karne ya 19, na ndilo linalotuonyesha maisha yake kwa ndani. Humo mna bei za rangi na mbao, mna kodi ya nyumba, mna mikopo midogo midogo, mna majina ya wateja na ahadi zao.

Na mna tabia yake moja iliyomuumiza. Mara nyingi hakukata bei. Alimaliza kazi, kisha akamwachia mteja atoe kwa kadiri ya insafu yake. Na insafu ya mteja, ndugu zangu, mwaijua. Aliyeagiza kwa furaha hulipa kwa manung'uniko. Mwaka 1547 alimchora mwenye nyumba aliyopanga, pamoja na mkewe na watoto wao wawili, wamezunguka meza iliyotandikwa zulia la Kituruki, na watoto wanachezea matunda. Ni picha ya furaha, moja ya zile nzuri kabisa alizozifanya, na leo iko London. Aliikadiria kwa bei nzuri kwa ajili ya ubora wa rangi zake. Alipokea pungufu.

Hata katika ile picha ya Mtakatifu Antoninus na maskini wake, Lotto alikubali kupunguza malipo ili watawa wampe mahali pa kuzikwa bure kanisani mwao. Mtu wa miaka sitini na zaidi, hana mke wala mtoto, anauza jasho lake kununua kaburi. Mwaka 1546 akaandika wosia, na humo akaeleza kwamba yu peke yake, hana mtu mwaminifu wa kumtunza, na akili yake haina raha. Mali yake akaiusia hospitali ya maskini.

KURA YA ANCONA

Mwaka 1549 aliondoka Venice, akaenda Ancona kuchora picha kubwa ya kanisa. Ancona ni bandari upande wa pili wa bahari ile, nako wafanya biashara wa Kituruki walikuwa wakija na bidhaa zao. Huko, mwaka 1550, alifanya jambo ambalo mchoraji halifanyi ila amebanwa. Alikusanya kazi zake zilizobaki, zaidi ya 40, akazitia katika bahati nasibu ndani ya jumba la wafanya biashara, watu wanunue kura na kujipatia. Zilizotoka ni chache mno. Nyingine zikarudi kwa mwenyewe.

Fikiri kidogo, msomaji. Picha ambazo leo nchi tajiri zinazigombania, na walinzi wanazilinda usiku na mchana, zilitembezwa na mwenyewe kama samaki wa jioni, na watu wakapita. Ndipo nasema kwamba chema hakijiuzi kila siku. Chema huuzwa kikiwa na jicho la kukitambua, na jicho hilo huenda likachelewa miaka mia tatu.

Lotto alichoka kuhangaika. Akaenda Loreto, mahali ambapo Wakatoliki huzuru nyumba wanayoiamini kuwa ni ya Bibi Maryam, na mnamo mwezi wa Septemba mwaka 1554 akajitoa nafsi yake na kila alichokuwa nacho kwa watu wa mahali hapo. Wao wakampa chumba, chakula na mavazi, naye akawafanyia kazi za kuchora. Wanaosimulia maisha yake husema kwamba hata namba za vitanda vya hospitali alizipaka rangi. Mkono uliofanya kazi katika makao ya Papa ukaandika moja, mbili, tatu juu ya vitanda vya wagonjwa.

Lakini mimi siyaoni hayo kuwa ni aibu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtu huyu alikuwa ametafuta makao tangu ujana wake, Treviso, Roma, Bergamo, Venice, na kote alikuwa mgeni. Loreto alipata kitanda, sala na watu wa kumwuguza. Picha yake ya mwisho yaonyesha Nabii Isa mchanga akipelekwa hekaluni. Haikumalizwa vizuri, rangi zake ni nyepesi kama pazia, na sehemu kubwa ya juu iko tupu. Mtu huiona kama kazi ya mzee ambaye macho yamepungua lakini moyo umetulia. Lile kaburi la Venice, alilolinunua kwa kupunguza ujira wake, hakulitumia.

WALIOKUJA BAADAYE

Baada ya kufa alisahauliwa. Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Italia, katika kitabu chake cha mwaka 1568 alimpa kurasa chache tu, tena pamoja na mwingine. Picha zake nyingine zikapewa majina ya watu wengine, hata ya Titian. Ilikuwa mwaka 1895 ndipo kijana msomi, Bernard Berenson, alipoandika kitabu kizima juu yake, akaonyesha kwamba huyu aliyeachwa nyuma alikuwa ameona ndani ya nafsi za watu mambo ambayo wakubwa wa zama zake hawakuyaona. Tangu hapo jina lake limepanda. Faida haikumfikia mwenyewe, wala jamaa, wala yule fundi wa Ushak.

Sasa narudi nyumbani. Katika miji yetu ya Lamu na Mombasa tuna milango ya nakshi ambayo wageni huja kuipiga picha. Tuulizane ni nani aliyeichonga. Milango michache ina jina la mwenye nyumba au tarehe, na jina la fundi ni nadra kulijua. Wako wafumaji wa mikeka ya rangi, wako washona kofia za vito, wako waliozijenga jahazi na mitepe ya zamani. Tumevaa kazi zao, tumelalia kazi zao, tumevuka bahari juu ya kazi zao, kisha tumewalipa kwa insafu yetu wenyewe, ambayo tumeshaijua.

Ninaloliomba si kubwa. Anayeagiza kazi apatane bei kabla, na alipe kabla jasho la fundi halijakauka. Mwenye fundi mzee mtaani kwake akae naye, amwulize alijifunza kwa nani na ni milango gani aliyoichonga, ayaandike katika daftari, tarehe na mahali. Na fundi mwenyewe asione haya kuandika hesabu zake kama alivyoandika Lotto, kwani kama si daftari lile la senti na madeni, mtu huyu tungemjua nusu tu. Sifa za baada ya kufa hazimnunulii mzee mkate. Tuwape wangali hai.